Kitu Kimoja na Jina Moja katika Miongozo ya Programu Huria

Samaki mkubwa wa Ziwa Viktoria ambaye wavuvi wa Mwanza humwita sangara, huitwa mbuta na wavuvi wa Kisumu na mputa na wale wa Uganda. Majina hayo matatu hayajamzuia mtu kununua kitoweo, kwa sababu samaki mwenyewe huwekwa mezani akaonekana kwa macho, na mgeni asiyejua jina humwonyesha kwa kidole. Wanasayansi hata hivyo hawakuridhika na kidole. Wao humwita Lates niloticus, na jina hilo ni lile lile Mwanza, Kisumu, Jinja na kokote kwingine ambako taarifa ya utafiti juu ya samaki huyo itasomwa na mtu asiyepata kumwona maishani mwake.

Programu za kompyuta ziko upande wa taarifa hiyo ya utafiti, wala si upande wa meza ya sokoni. Sehemu za programu hazishikiki wala hazinusiki. Mwanafunzi anayejifunza kuitumia hana cha kuonyesha kwa kidole. Anachokuwa nacho ni jina alilopewa na mwongozo, na kwa jina hilo peke yake hana budi kukijua kitu, kukiita na kukitofautisha na vingine. Ikiwa kitu kimoja kimepewa jina hili katika ukurasa wa nne na jina jingine katika ukurasa wa tisa, msomaji hana njia ya kutambua kwamba ni kitu kile kile. Kwa sababu hiyo, kazi ya kusawazisha majina katika miongozo ya programu, ambayo wengi huidharau kama kazi ya karani, yastahili kuhesabiwa miongoni mwa kazi za kisayansi, na yastahili kufundishwa hivyo mashuleni.

Haja ya kazi hiyo ni kubwa zaidi katika programu huria, yaani zile ambazo maandishi yake ya asili yako wazi kwa kila mtu kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa kwa wengine. Harakati hizi zilipata msukumo mkubwa mwaka 1983, Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU huko Marekani, na zikaenea mno baada ya Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi nchini Finland, kuanzisha Linux mwaka 1991. Programu za aina hii aghalabu huandikwa na watu wengi walio katika nchi mbalimbali, wengine kwa mshahara na wengine kwa kujitolea, na wengi wao hawapati kuonana hata siku moja. Kila mmoja huja na msamiati wake. Mwongozo hukua jinsi mji usio na ramani unavyokua: huyu huongeza aya leo, yule huongeza sura baada ya miaka mitatu, na hakuna aliyeketi kuyalinganisha majina ya mwanzo na yale ya mwisho.

Mfano ulio wazi sana ni Git, programu ya kutunza kumbukumbu za mabadiliko ya maandishi ambayo Torvalds huyo huyo aliianzisha mwezi Aprili 2005. Mtumiaji wa Git anapomaliza kurekebisha mafaili yake, kwa kawaida hayaingizi moja kwa moja katika kumbukumbu ya kudumu. Huyapitisha kwanza mahali pa kati, ambapo hukusanya yale tu anayotaka yaingie pamoja, kama vile mpishi anavyotenga viungo vya chakula kimoja kabla ya kuinjika chungu. Mahali hapo pa kati ni pamoja tu. Lakini miongozo rasmi hupaita "index". Amri kadhaa hupaita "cached". Na vitabu vya mafunzo vikapaita "staging area", jina ambalo nalo limeingia katika amri kwa umbo la "--staged". Mtu akiandika "git diff --cached", na mwenzake akaandika "git diff --staged", wote wawili hupata jibu lile lile. Anayetaka kuliondoa faili mahali hapo bila kulifuta katika kompyuta yake hutumia "git rm --cached". Ilhali amri ya "git restore", iliyoongezwa mwaka 2019, hutumia "--staged". Faharasa ya Git yenyewe hukiri kwamba "cache" ni jina la zamani la "index". Jina limetangazwa kuwa limezeeka, lakini bado linaajiriwa kila siku.

Mtu aliyezaliwa katika Kiingereza huyavumilia mambo haya bila taabu nyingi. Lakini yafikiriwe masaibu ya mwanafunzi wa kidato cha tatu huko Singida au Kakamega, ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili au ya tatu. Huyu akifungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ataona kwamba "index" ni orodha iliyo mwishoni mwa kitabu, "cache" ni maficho ya akiba, na "stage" ni jukwaa la michezo ya kuigiza. Kwa bidii yake yote ya kusoma, atakuwa ameyajenga akilini mambo matatu yasiyohusiana, na atatumia jioni nzima kutafuta uhusiano wa orodha, maficho na jukwaa. Kadiri anavyosoma kwa uangalifu ndivyo anavyozidi kupotea, kwa kuwa msomaji mwangalifu hudhani kwamba mwandishi naye alikuwa mwangalifu. Watu wa namna hii ndio ambao programu huria hudai kuwafungulia mlango.

Hapa walimu wa lugha wana sehemu yao ya lawama, ingawa si ya makusudi. Katika somo la insha mwanafunzi husifiwa anapotumia visawe: akisema "mwalimu" katika sentensi ya kwanza, ya pili husema "mlezi huyo", na ya tatu "mkufunzi". Urudiaji huhesabiwa kuwa umaskini wa lugha. Desturi hiyo ni njema katika insha na katika hotuba, lakini ikihamishiwa katika mwongozo wa mashine au wa jaribio la maabara huwa ni hatari. Mwanafunzi wa kemia aliyeambiwa amimine asidi katika "chupa", kisha atikise "chombo", kisha apashe moto "gudulia", ana haki ya kuuliza kama kuna vyombo vitatu. Katika mwongozo neno lile lile lirudiwe mara mia moja ikibidi, hata kama linachosha sikio.

Wapo wasemao kwamba majina yakikosewa yanaweza kurekebishwa baadaye, na kwamba jambo la kwanza ni programu ifanye kazi. Historia ya kompyuta haiungi mkono matumaini hayo. Katika mfumo wa Unix, ambao Linux imerithi mengi kutoka kwake, amri ya kuunda faili jipya iliandikwa "creat" badala ya "create". Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix, alipoulizwa baadaye angebadili nini kama angeujenga mfumo huo upya, alijibu kwamba angeliandika neno hilo pamoja na herufi "e" ya mwishoni. Jibu lilikuwa la mzaha, lakini herufi hiyo haijarudi hata leo, kwa maana programu nyingi zimekwisha kuandikwa kwa kulifuata umbo pungufu.

Kisa cha "Referer" hakichekeshi kiasi hicho kwa anayekumbana nacho. Kivinjari kinapoomba ukurasa kutoka kwenye seva, huweza kuitajia anwani ya ukurasa ambao msomaji alikuwa akiusoma kabla ya kubofya kiungo. Sehemu ya ombi inayobeba habari hiyo iliandikwa "Referer", ikikosa herufi moja "r", na kosa hilo likaingia katika hati ya mwaka 1996 iliyoeleza toleo la kwanza la utaratibu wa HTTP. Kufikia wakati huo seva na vivinjari vilikuwa vimekwisha kulizoea. Miaka mingi baadaye ilipotungwa sehemu mpya ya kuongoza matumizi ya habari hiyo hiyo, watungaji waliamua kuandika sahihi: "Referrer-Policy". Matokeo yake ni kwamba mwandishi wa kurasa za mtandao leo hana budi kukosea tahajia mahali pamoja na kupatia mahali pengine, katika kazi moja. Akipatia pale panapotakiwa kukosea, aghalabu mashine haitamwonya. Itatafuta sehemu yenye jina aliloandika, haitaiona, nayo itarudisha mikono mitupu. Mwongozo wa kisa kama hiki hauwezi kulifuta kosa. Unachoweza ni kulitaja waziwazi, mara tu jina linapotokea, kwamba tahajia hii ina kasoro na lazima iandikwe hivi hivi. Miongozo inayonyamaza hapo, ati kwa kuwa kila mtu analijua jambo hilo, huwasahau wale ambao mwongozo uliandikwa kwa ajili yao.

Kwa hiyo kuna majina ya aina mbili: yale ambayo mashine hutegemea, na yale ambayo wanadamu tu huyasoma. Ya kwanza hubadilishwa kwa tahadhari kubwa au hayabadilishwi kabisa. Ya pili yanaweza kurekebishwa leo hii. Namna nzuri ya kushughulika na aina zote mbili ilionekana katika PHP, lugha ya kuandikia kurasa za mtandao ambayo Rasmus Lerdorf aliitoa kwa umma mwaka 1995. PHP ilijulikana kwa majina yake yasiyo na utaratibu: amri moja huitwa "strpos" bila mstari wa kutenganisha maneno, na jirani yake huitwa "str_replace" kwa mstari. Mpangilio wake nao haukutulia. Kwa kufuata msemo wa Waingereza juu ya mtu atafutaye sindano katika lundo la majani makavu, kitu kinachotafutwa kiliitwa "needle" na pale kinapotafutwa pakaitwa "haystack". Lakini katika "strpos" lundo hutajwa kwanza na sindano baadaye, na katika "in_array" sindano hutangulia. Vizazi vya wanafunzi vimelazimika kukariri ni wapi sindano hutangulia.

Toleo la 8.0 lilipotoka mwezi Novemba 2020, lilileta ruhusa ya kuvitaja vitu hivyo kwa majina yake badala ya kutegemea nafasi yake katika mstari. Ghafla majina yaliyokuwa pambo la mwongozo tu yakawa sehemu ya lugha yenyewe, na ikadhihirika kwamba jina lililochapishwa katika mwongozo halikuwa siku zote sawa na lile lililomo ndani ya programu. Wachangiaji wakalazimika kuyapitia majina hayo amri baada ya amri, wakayalinganisha na kuyasawazisha kabla toleo halijatoka. Mpangilio wa zamani hawakuugusa, kwa sababu kurasa zisizo na idadi zinautegemea. Leo mwanafunzi anaweza kuandika "needle" na "haystack" kwa majina, kisha asijali ni kipi kinachotangulia. Kazi iliyoonekana kuwa ya karani ndiyo iliyoiwezesha kazi ya mhandisi.

Gharama za urekebishaji hata hivyo zipo, na aghalabu huwaangukia watu wasioshirikishwa, nao ni wafasiri. Programu nyingi huria hutafsiriwa kwa kutumia chombo cha mradi wa GNU kiitwacho gettext. Ndani yake kila sentensi ya Kiingereza huandikwa sambamba na tafsiri yake, na sentensi hiyo ya Kiingereza ndiyo ufunguo wa kuipata tafsiri. Likibadilishwa neno moja tu, au hata nukta, ufunguo haufungui tena. Mafaili yanapolinganishwa upya, tafsiri ya zamani hutiwa alama ya mashaka, na kwa kawaida programu hurudia kuonyesha Kiingereza mpaka mfasiri aikague na kuithibitisha. Mtu mmoja aliyeketi Ulaya akasahihisha jina katika sentensi arobaini, amewapa kazi arobaini wafasiri wa kila lugha ambayo programu hiyo imetafsiriwa kwayo. Miradi yenye busara inalijua hilo. GNOME, kwa mfano, hutenga kipindi kabla ya kila toleo ambapo hairuhusiwi kubadili maneno yanayoonekana na mtumiaji bila idhini ya wafasiri. Masahihisho ya majina yafanywe mapema, yafanywe yote kwa pamoja, na yafanywe mara moja.

Lakini kutorekebisha nako kuna gharama kubwa zaidi kwa wafasiri hao hao. Mfasiri mwaminifu atakayekuta "index", "cache" na "staging area" katika mwongozo mmoja atatafsiri faharasa, kache na uwanja wa maandalizi. Mwenzake aliyepewa sura nyingine atachagua maneno mengine matatu. Hivyo kitu kimoja kitawafikia Waswahili kikiwa na majina sita, na hakuna hata mmoja kati ya wafasiri hao atakayekuwa amekosea.

Kiswahili chenyewe hakikosi matatizo ya namna hii. Mashine ambayo Tanzania huitwa kompyuta, katika vitabu vingi vya Kenya ni tarakilishi, na wengine huiita ngamizi. Nywila ya huyu ni neno la siri la yule. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokishirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu huria ya OpenOffice. Kazi ya namna hiyo haiwezi kwenda mbali bila orodha ya istilahi inayofuatwa na kila mfasiri, na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, limekuwa likisanifisha istilahi za fani mbalimbali kwa sababu iyo hiyo. Ipo pia kasoro ya upande wa pili ambayo husemwa mara chache, nayo ni jina moja kubeba vitu vingi. Neno "mtandao" sasa hutumika kwa nyaya zinazounganisha kompyuta za chumba kimoja cha shule, kwa intaneti ya dunia nzima, kwa kurasa zinazosomwa humo, na kwa kampuni ya simu. Mwanafunzi akiambiwa mtandao umekatika, haelewi kama achunguze waya ulio chini ya meza, angoje, au anunue vocha. Mwongozo wa Kiswahili utakaotumia neno hilo bila kulipambanua utakuwa haujamwongoza mtu.

Hoja nzito zaidi dhidi ya kazi hii hutolewa na watunzaji wa programu wenyewe. Husema kwamba masahihisho madogo madogo huwala muda, kwa kuwa kila moja lazima lisomwe na mtu mwenye kazi nyingine. Hoja hiyo si ya uvivu. Mwezi Oktoba 2020, katika kampeni ya Hacktoberfest iliyoandaliwa na kampuni ya DigitalOcean, watu waliahidiwa fulana wakileta idadi fulani ya michango kwa programu huria. Miradi mingi ilifurikwa na mabadiliko yasiyo na maana: neno limeongezwa kichwani mwa mwongozo bila sababu, au sifa imepachikwa pasipohitajika. Watunzaji walilalamika kwa haki, na waandaaji wakalazimika kubadili kanuni kabla mwezi haujaisha, ili miradi iliyo radhi tu ndiyo ihusike.

Kinachoyatofautisha masahihisho yale na kazi inayozungumzwa hapa ni ujuzi. Anayesawazisha majina hana budi kwanza kukijua kitu. Yarejewe tena yale ya Git: mtu akiona kwamba "index" na "cached" ni mahali pamoja, anaweza kushawishika kubadilisha kila "--cached" iwe "--index". Angeharibu mwongozo. Katika amri ya "git apply", "--cached" huelekeza mabadiliko mahali pale pa kati peke yake, na "--index" huyaelekeza pale pa kati pamoja na kwenye mafaili ya kazi. Majina mawili hapo yana kazi mbili, ingawa yalichaguliwa vibaya. Msahihishaji asiyejaribu amri zote mbili kwa mikono yake, akatazama kilichobadilika na kisichobadilika, hafai kuligusa neno hata moja. Na akisha kuzijaribu, amekwisha jifunza Git kuliko wengi wanaoitumia.

Shule zenye kompyuta, hata chache, zinaweza kuifanya kazi hii bila vifaa vingine. Darasa lichague sura moja ya mwongozo wa programu huria inayotumika shuleni, kwa Kiingereza au Kiswahili. Wanafunzi waandike kila jina la kitu na ukurasa linapopatikana. Kisha, mbele ya mashine, waamue kwa majaribio ni majina yapi yanataja kitu kimoja na yapi yanataja viwili. Mwalimu wa lugha na mwalimu wa sayansi waketi pamoja katika kipindi hicho, kwani hakuna hata mmoja awezaye kukiendesha peke yake. Orodha itakayopatikana ilinganishwe na faharasa ya mradi wenyewe, kama ipo. Kabla ya kubadili neno lolote watunzaji waandikiwe kwa ufupi, waelezwe ni kitu gani, kina majina mangapi, yako wapi, na lipi lapendekezwa libaki pamoja na sababu zake. Miradi mingi huria ina mahali pa kupokelea barua za namna hiyo, na haimdai mtumaji cheti wala umri.